Picha za Praha, Tabata

Jumatatu, kabla sijafungua kufuli la pili,
mama keshafika dukani, khanga ya akiba mkononi
kama mtu anayekwenda kulaza mgonjwa.
"Zimeingia?"
Zimeingia. Usiku kucha simu ilitetemeka
juu ya kabati la vyombo, nami nikihesabu gizani:
moja, mbili, nyingine tena.

Kaka yangu Elirehema anasomea maji taka
(ndiyo, watu husomea maji taka, tena kwenye baridi).
Ijumaa alipanda basi la usiku, nauli ya chini kuliko zote,
akaenda kuitazama Praha siku mbili,
"kwa sababu ipo karibu," aliandika,
utadhani anakwenda Kibaha.

Mama hataki kuziona kwenye simu.
Kwenye simu, anasema, mtu anakuwa punje ya mchele,
ukimgusa anakimbia.
Anataka karatasi. Kubwa. Ya kushika.
Basi nawasha mashine, inakohoa,
inaniambia kwa taa nyekundu nisichotaka kusikia tangu Alhamisi:
wino wa buluu umekwisha.

Ndiyo maana mto wa Praha ulifika Tabata
una rangi ya chai ya maziwa,
na lile daraja lenye masanamu huku na huku
likatoka la manjano, linaota jua ambalo halikuwapo.
"Kumbe kuna joto," mama akasema, akashusha pumzi.
Sikumsahihisha.

Picha ya nne ni saa.
Mnara mzima wa saa, duara ndani ya duara,
nyota, mwezi, mishale isiyosomeka,
na umati chini umeinua simu, unasubiri ilie.
Eli yuko pembeni, kofia ya kuazima, meno yote nje.
Mama hakuuliza nani kajenga, wala lini.
Alizipita duara zote kwa kidole, akapanda juu
hadi kwenye saa ya kawaida, akasimama kwenye nne:
"Saa kumi. Huku kwetu kumi na mbili.
Nilikuwa naanua nguo."

Na hii?
Namwambia muda, anajumlisha mbili.
Njiwa, uwanja, mzee anayepiga fidla: alikuwa anachambua mchicha.
Kanisa la dhahabu tupu: walikuwa jumuiya, kwa Mama Kundaeli,
na uji ulipungua.
Daraja tena, taa zimewaka: "Hapo umeme ulikatika.
Nikakuita, hukuitika."

Mteja wa kopi ya cheti cha kuzaliwa
alikuwa ameinamia kaunta muda wote.
Akauliza, kwenda huko inagharimu nini?
Mama hata hakupepesa:
"Nauli ya basi tu."

Aliziweka sawa kama karata, akahesabu.
Kumi na moja.
Akahesabu tena kuanzia chini.
"Mbona sioni alipolala?"

Ilikuwapo. Ilifika saa tisa usiku,
ikakaa kidogo, kisha maandishi: ujumbe huu umefutwa.
Lakini mimi nilikuwa macho.
Benchi la chuma la kituo cha basi,
begi limegeuzwa mto, kofia hakuna (ilikuwa ya watu),
nusu ya uso, jicho moja linacheka kwa shida.

"Hotelini hawaruhusu kupiga picha," nikasema.

Akanitazama kama anavyotazama chenji
aliyorudishiwa na mtu asiyemjua.
Halafu akazifunga kwenye khanga, moja juu ya nyingine,
akazikandamiza kifuani.
"Bado zina moto," akasema, akatoka,
akavuka barabara bila kuangalia upande wa kulia.

Nikampa yule bwana cheti chake.
Nikavuta daftari la madeni, nikaandika:
Elirehema. Rangi. Kubwa.
Picha kumi na mbili.
Hajalipa.